Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wa kuuliza maji yanatoka wapi

Wanachama wenzangu, salaam nyingi.

Katiba yetu inataka mwenyekiti alete taarifa kila mwaka, ya safari hii nimeiandika kwa lugha ya kawaida tu maana najua wengi mnasomea kwenye simu. Mambo ya hela mweka hazina atayaeleza mwenyewe, wanachama wapya tumepata na wote karibuni sana. Mi nataka nikae zaidi kwenye matembezi, maana ndo uhai wa chama hiki, na mwaka huu kamati iliamua tuache kurukaruka tushike kitu kimoja: vinamasi vya piti, na namna ya kuvitofautisha ukiwa umesimama hapohapo na buti zimelowa.

Kwa ambao hamkufika, piti ni udongo wa mimea iliyokufa ikashindwa kuoza vizuri kwa sababu maji yamejaa muda wote na oksijeni haipiti. Inajirundika taratibu mno, milimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo ukichomeka fimbo ikazama mita 2 unagusa mimea iliyokufa kama miaka elfu mbili iliyopita. Hilo lilifanya watu wanyamaze kwenye matembezi ya kwanza na mi nilifurahi kuliona, maana ukishaelewa umri wa kitu hukikanyagi ovyo.

Sasa si kila penye maji na matete pana piti. Sehemu nyingi ukichimba kidogo tu unakuta mfinyanzi au mchanga, hapo ni kinamasi cha kawaida, kizuri tu na ndege wake, ila piti hakuna. Nchi nyingi zinahesabu piti kuanzia unene wa sentimita 30 au 40, ndo maana tulinunua ile fimbo ya chuma ya kupimia kina na kwa kweli imetufaa kuliko kifaa kingine chochote tulichonacho. Alafu kuna kipimo cha mkono, alikitunga Lennart von Post wa Sweden miaka ya 1920, na bado watu wa piti wanakitumia dunia nzima. Unachukua konzi ya piti mbichi unaikamua kwenye ngumi. Yakitoka maji safi yasiyo na rangi na mimea bado unaitambua, jani na mzizi, hiyo ni daraja la 1, piti changa kabisa. Maji yakiwa ya kahawia yenye tope uko katikati. Ikichuruzika yote kati ya vidole mkono ukabaki mtupu, umefika daraja la 10, yaani imeoza mpaka mwisho. Kila mtu alikamua, hata wale waliokuja na nguo nyeupe, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa piti ni nini.

Tukishajua kwamba ni piti ndo lilikuja swali la mwaka mzima, na ningependa kila mwanachama alibebe: maji haya yanatoka wapi? Ukilijibu hilo umeshajua aina ya kinamasi hata kabla hujataja jina la mmea.

Kuna kinamasi kinachokunywa mvua peke yake. Piti imejijenga mpaka imepanda juu ya ardhi inayokizunguka, mto haukifikii, chemchemi haikifikii, maji yake ni ya kutoka juu tu na mvua haina madini ya maana. Kwa hiyo maji yake ni makali kwa asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda) mara nyingi iko chini ya 5, na mimea iliyopo ni ile inayovumilia njaa. Mwenye mji hapo ni sfagnamu, kile kimmea kidogo laini kinachoota kimeshikamana na wenzake, kijani au chekundu, kinaweza kushika maji zaidi ya mara 15 ya uzito wake kikiwa kikavu, tena chenyewe kinaongeza asidi kwenye maji yanayokizunguka, ni kama mpangaji anayebadilisha nyumba mpaka majirani wahame. Pembeni yake mkaona drosera, ile yenye vinywele vyekundu vyenye utomvu wa kunata inayokamata wadudu. Inakamata wadudu kwa sababu udongo haumpi naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo ukiiona jua umesimama mahali maskini kwa madini, na mara nyingi ni kwenye kinamasi cha mvua, ingawa inaota pia kwenye piti nyingine yenye madini machache, msiitegemee peke yake.

Aina ya pili ni kinamasi kinacholishwa na maji ya ardhini au ya kijito, maji yaliyopita kwenye mawe na udongo yakabeba madini. Mara nyingi hicho kimekaa bondeni au chini ya mteremko. Asidi inapungua, pH inaweza kufika 7 na kupita, na aina za mimea zinaongezeka sana. Hapo sfagnamu inapungua, wanatawala jamii ya ndago na sehemu nyingine mafunjo na matete. Lile zoezi la kuviringisha shina kati ya kidole gumba na cha shahada lilipendwa na wote: ndago wengi na mafunjo shina lina pembe tatu unazihisi kabisa hata ukifumba macho, tete shina lake ni mviringo lina vifundo na ndani lina uwazi.

Na ule utando unaong'aa rangi rangi juu ya maji, ambao watu wengi waliokuja walidhani ni mafuta ya gari yamemwagwa. Uguse na kijiti. Mafuta yanafunguka kisha yanarudi kujiunga, utando wa bakteria wa chuma unavunjika vipande vipande vyenye kona na vinabaki hivyohivyo. Ukiona vipande, basi kuna maji ya ardhini yenye chuma yanatokeza hapo, na swali lako la maji limejibiwa na kijiti tu.

Ila asili haifuati mipaka tunayochora. Kinamasi cha mvua mara nyingi kimezungukwa na ukanda wa maji yenye madini, kwa hiyo hatua ishirini unavuka kutoka aina moja kwenda nyingine, na zipo sehemu za katikati ambazo tulibishana mpaka tukachelewa kurudi. Alafu kuna piti iliyofunikwa na msitu. Bonde la kati la Kongo ndo mfano mkubwa, ramani ya kwanza ya piti yake ilitoka 2017, kilomita za mraba 145,500 zenye kaboni tani bilioni 30 hivi, na humo humo kuna sehemu zinazotegemea zaidi mvua na nyingine zinafurikwa na mito. Ukiangalia miti peke yake utasema ni kitu kimoja.

Kuna aliyeniuliza, mwenyekiti, majina haya yote ya nini si tutembee tu tufurahi. Nimelifikiria sana swali hilo. Piti ikikaushwa, hewa inaingia, inaanza kuoza na kaboni ya maelfu ya miaka inatoka kama hewa ya ukaa. Kule Holme Fen, Uingereza, nguzo ya chuma ilizamishwa kwenye piti karne ya 19, wakati eneo linakaushwa, ncha yake ikiwa sawa na ardhi, leo imechomoza kama mita 4 kwa sababu ardhi yenyewe imeshuka. Na kuponya kinamasi kunategemea maji yake. Cha mvua ukiziba mifereji iliyochimbwa ndani yake umeshafanya sehemu kubwa ya kazi. Cha maji ya ardhini unaweza kuziba mifereji yote na bado kikafa kama huko juu watu wanavuta maji kwenye visima au mbolea ya mashamba inateremka nayo. Ukikosea aina unaponya ugonjwa ambao haupo, na hili jamani linanigusa sana, kwa sababu nimeona watu wenye nia njema kabisa wakifanya hivyo.

Mwakani kamati inapendekeza turudi kwenye vinamasi vilevile badala ya kutafuta vipya, kiangazi na masika, tuone maji yanavyopanda na kushuka. Tunahitaji watu wa kujitolea kusoma vipimo kwenye mabomba yenye matundu tutakayoyachomeka, si kazi ngumu ila inataka mtu asiyeruka zamu. Vikundi viwe vidogo, tupite kwenye mbao tu panapokuwa na mbao, na buti zioshwe kabla ya kuhama kinamasi kimoja kwenda kingine ili tusibebe mbegu za magugu. Piti tunayoichomoa kwa ajili ya kukamua irudishwe kwenye shimo lake palepale.

Nafasi ya katibu wa matembezi iko wazi, majina yapelekwe kwa katibu mkuu kabla ya mkutano.