Mama, mzungu wa safari hii ni mimi

Salt Lake City, mwanzo wa Oktoba

Mama, jambo sana. Na nyinyi wote hapo Ndosho, Goma, jambo.

Uliniuliza kwenye simu, kabla laini haijakatika, ni mtu gani mwenye akili zake anayetoa dola ili akatembee jangwani na maji mgongoni. Nilicheka tu, jibu sikuwa nalo. Nikamkumbuka mjomba akirudi kutoka Kibati, mabega yamechubuka kwa mizigo ya watalii aliowapandisha volkano ya Nyiragongo, na wewe ukimmiminia maji ya kunawa huku unasema: "Bazungu beko na makuta ya kuchezea," yaani wana pesa za kuchezea. Basi Mama, mzungu wa safari hii ni mimi.

Tulikwenda wawili, mimi na yule dada wa Bukavu aliyekusalimia kwa Mashi, lugha ya kwao, ukabaki kimya. Siku nne za likizo, gari lake lenye mlango mmoja usiofunguka, na kamera yangu ya mtumba. Saa tano za barabara kuelekea kusini, mpaka hifadhi ya taifa ya Zion. Pale mlangoni tulilipa dola 35 kwa gari, hata tungekuwa wangapi ndani. Dada alisikitika kwamba hatukujazana kama kwenye teksi ya Birere.

Kuna mahali huko njia ni mto wenyewe. Unaingia majini na fimbo ndefu, kuta za jiwe zinapanda kushoto na kulia, sehemu nyingine mita 300, na chini upana wa mto ni kama mita 6 tu. Mawe ya mtoni ni ya mviringo na yanateleza kama sabuni. Niliteleza. Maji yakanifika kifuani, lakini kamera ilikuwa tayari juu ya kichwa, mikono yenyewe ilikwisha kuipandisha. Watu waliokuwa nyuma wakanipigia makofi. Wangejua miaka niliyopitisha kwenye mawe ya ziwa, na bidoni ya lita 20!

Ukuta ule niliushika kwa kiganja. Mchanga unakubakia vidoleni. Una mistari iliyolala upande, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu zamani, zaidi ya miaka milioni 180, palikuwa na vilima vya mchanga vilivyosukumwa na upepo, kisha vikagandamana kuwa jiwe, na mto ukaja kulikata. Nikafikiria mawe yetu meusi. Hayo ya mwaka 2002, mlima ulipolipuka, tulitembea juu yake yangali ya moto, na leo watu wamejengea nyumba.

Siku ya tatu tulivuka kuingia Arizona, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko. Korongo lao watu wanaliita Antelope, na huruhusiwi kuingia bila kiongozi wa kwao. Wao sehemu ya juu wanaiita Tsé bighánílíní, mahali maji yanapopita ndani ya mawe. Maji siku hiyo hayakuwepo hata tone. Lakini tarehe 12 Agosti 1997, katika sehemu ya chini ya korongo hilohilo, watalii 11 walikufa kwa mafuriko, na mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko juu. Kiongozi wetu kila mara alitoka kutazama mawingu, kama wewe unavyotoka nje usiku kuangalia wekundu wa mlima.

Sasa picha. Stendi ya kamera ya miguu mitatu hawairuhusu, kwa hiyo unaegemea ukuta na kubana pumzi. Mara nyingi jua haliingii moja kwa moja. Linagonga ukuta wa juu, linarukia wa pili, na kila likigonga linazidi kuwa jekundu, mpaka chini kabisa kwenye kivuli jiwe linaonekana zambarau. Kosa la wengi (nami nililifanya picha ishirini za kwanza) ni kuelekeza kamera angani: juu panaungua pote peupe, chini giza. Halafu kiongozi akarusha mchanga kwenye mshale wa jua ili uonekane vizuri. Ulionekana kweli. Na mchanga ukaingia kwenye lenzi yangu, hadi leo nikiizungusha inasaga kama kinu.

Jibu lako, Mama, nililipata tumekaa kivulini, tunakula sambaza kavu za dada, vile visamaki vya ziwani kwetu. Wanashauri kila mtu abebe karibu lita 4 kwa siku. Nilizibeba, nikazinywa zote mwenyewe, na hakuna aliyekuwa nyumbani akiningoja na sufuria. Mnakumbuka 2021, mlima ulipolipuka tena na mabomba ya maji yakaungua, tulivyopanga foleni ziwani usiku? Nilikunywa polepole, Mama. Nikaosha hata uso. Dada akanitazama, akaosha wake.

Nawatumia picha sita. Ile yenye ukungu si kosa la simu yenu, ni mimi niliyetikisika. Ile ya miguu miwili yenye tope ni yetu, mkubwa ni wa dada.

Mwambieni mjomba nina swali. Mkanda wa begi umenichubua bega la kushoto hadi siku ya nne. Yeye alifungaje ule mzigo, kamba ilipita paji la uso au kifuani? Anirekodie sauti, aeleze taratibu. Mwezi wa tano tunataka kurudi.

Binti yako