Leso ya Sultani na mtoto wa miaka tisa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi wenzangu wa Bagamoyo kuhusu tamthilia za kihistoria zinazotazamwa majumbani mwetu kila jioni. Tunalinda busu tu. Likikaribia, baba anakohoa, mama anakamata rimoti, chaneli inahamishwa kidogo, kisha inarudishwa. Mtoto yuleyule anaachwa atazame mwana wa mfalme akinyongwa kwa kamba, na msichana aliyeuzwa akipelekwa chumbani kwa bwana wake huku muziki mtamu ukipigwa. Mazito ni hayo mawili, na hatuyagusi.

Chukueni ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman, iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2011. Binti anatekwa, wazazi wake wanauawa, anauzwa, anaingizwa kasri la Istanbul. Haupiti muda anacheza mbele ya Sultani, na Sultani anamtupia leso ya zambarau. Itazame leso hiyo kwa macho ya mtoto wa miaka tisa. Anaona binti amechaguliwa, wenzake wanamwonea kijicho, muziki unapanda. Kwake hiyo ni bahati. Hakuna nguo iliyovuliwa, basi hakuna mzazi aliyeshtuka, na mtoto amekwisha kujifunza kwamba asiyeweza kukataa amekubali.

Sisi watu wa pwani neno lake tunalo: suria, yaani mtumwa wa kike anayewekwa na bwana wake kama mke. Mama yake Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, alikuwa suria wa Kicherkesi, watu wa Kaukazi, karibu na Uturuki. Na mtoto wa hapa anaijua Misheni iliyoanza mwaka 1868, ambako mapadre walikomboa watumwa kwa fedha. Mwulize hapo hapo, tamthilia ikiendelea: "Huyu binti angesema hapana, ingekuwaje?" Swali hilo moja linafanya kazi kuliko kuzima televisheni. Wanaotia sauti za Kiswahili nao wanahusika sana. Zamani asiyejua kusoma maandishi ya chini aliona picha tu. Sasa mtoto wa chekechea anasikia kila neno. Mjakazi, yaani mtumwa wa kike, akiitwa mtumishi, utumwa umefutwa mbele ya mtoto.

Sisemi historia ifichwe. Suleiman, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, ndiye aliyeamuru mwanawe Mustafa anyongwe mwaka 1553. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipotawazwa aliwaua ndugu zake 19 ili asipatikane wa kugombea naye kiti. Wa miaka 14 akielezwa sababu anaelewa. Wa miaka saba haelewi ufalme. Anaondoka na ule uso wa anayekabwa, analala nao.

Kuhusu king'amuzi: vingi vina kufuli la wazazi, kwenye menyu, upande wa mipangilio. Kwanza badilisha namba ya siri ya kiwandani, kwa kuwa mara nyingi ni 0000 au 1234 na watoto wanaijua. Kisha elewa kufuli linafanyaje kazi. La umri husoma alama inayotumwa na kituo pamoja na kipindi. Kituo kisipoituma, kipindi kinafunguka kama kawaida na wewe unadhani umefunga. La kufunga chaneli nzima ni la uhakika zaidi. Halafu kuna marudio: kilichorushwa usiku watoto wamelala hurudiwa mchana wewe uko kazini. Angalia ratiba ya wiki nzima.

Kwenye huduma za kutazama tamthilia kwa intaneti, kumfungulia mtoto wasifu wake hakutoshi. Wasifu wa mzazi nao uwekewe namba ya siri, la sivyo anabofya picha yako na kuingia. Flashi inayojazwa msimu mzima dukani haina alama yoyote ya umri, hivyo mtu mzima aitazame kwanza.

Jambo jingine wengi hawalijui. Sehemu moja ya tamthilia ya Kituruki huko kwao huchukua saa moja na nusu, hata zaidi. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika 45. Kipande kinaweza kuishia katikati ya mauaji, na yanayofuata yakaja kesho, wewe haupo, mtoto yuko peke yake.

Televisheni za Uturuki tangu 2006 huonyesha alama ya umri, kama 7, 13 au 18, pamoja na kipicha kinachosema tatizo ni ukatili, ngono au tabia mbaya. Mhariri, ukurasa wenu wa ratiba za televisheni una jina la kipindi na saa tu. Ongezeni namba ya umri na neno moja pembeni: mauaji, utumwa, kitanda. Mzazi aliye kazini akilisoma saa nne asubuhi, atapiga simu nyumbani kabla ya marudio ya saa nane.

Mzazi,
Dunda, Bagamoyo