Propela ya shaba inayokumbuka umbo isinunuliwe bila vyeti

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wenye boti wa Kibirizi na Ujiji kuhusu propela zinazoliwa na vipovu vya maji, na hii aloi (mchanganyiko wa metali) ya shaba inayokumbuka umbo, yaani inayorudi ilivyokuwa baada ya kupigwa, ambayo wengine wanaitaja kama dawa.

Propela ikitolewa, kagua mgongo wa panga (bawa la propela), upande unaotazama mbele ya boti, karibu na ncha. Vitundu vyenye kingo kali, mfano wa sifongo, vimechimbwa na vipovu. Palipolika laini ni mchanga. Panga likizunguka kasi, mgandamizo wa maji mgongoni hushuka hadi maji yanachemka bila moto. Vipovu vinavyozaliwa hapo hubomoka ghafla na kurusha mchirizi mwembamba wa maji kwenye shaba, mara mamilioni, mpaka inachoka na kumeguka. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo vipovu huanza mapema kidogo kuliko Dar es Salaam.

Aloi hiyo inayokumbuka umbo, ya shaba, zinki na alumini (takriban 70, 26 na 4 kwa mia), inastahimili kweli. Ikipigwa, fuwele zake hubadili mpangilio, humeza pigo, kisha hurudi. Lakini uwezo huo hautokani na mchanganyiko peke yake. Lazima ipashwe moto karibu nyuzi 800 halafu itumbukizwe majini papo hapo. Ikipoa polepole inabaki kama brasi ya kawaida, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Nusu asilimia tu ya alumini ikizidi au ikipungua, joto la mgeuko, yaani joto ambalo fuwele hubadili mpangilio, huhama kwa makumi ya nyuzi, na aloi haifanyi kazi katika maji yetu ya nyuzi 26 hivi.

Ndiyo maana haifai kuyeyushwa kwa vyuma chakavu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, shaba huyeyuka kwenye 1,085: ule moshi mweupe juu ya chungu ni zinki inayotoroka. Kuziba tundu kwa gesi na fimbo ya brasi nako ni kuharibu, kwani joto huua kumbukumbu pembeni mwa kiraka, na vipovu vitaanzia hapohapo.

Kwa boti za mashine ya ndani (iliyofungwa ndani ya boti) tunashauri bronzi, yaani aloi nyingine ya shaba, yenye nikeli na alumini: alumini 9 hadi 10 kwa mia, nikeli na chuma 4 hadi 5 kila kimoja. Kiraka chake kichomelewe kwa gesi ya argoni na waya wa bronzi ya alumini. Kabla ya hapo, nyoosheni ukingo wa mbele uliobonyea, na ncha ya panga iwe mbali na tumbo la boti angalau asilimia 15 ya kipenyo cha propela. Bila hivyo hata aloi ghali italiwa.

Anayewauzia aloi ya kukumbuka umbo mdaini karatasi mbili: kipimo cha mchanganyiko, na maelezo ya jinsi ilivyopashwa na kupozwa. Akikosa hata moja, msimlipe bei ya aloi hiyo.

Mafundi wa mashine za boti,
Ujiji, Kigoma