Juliana hakuwa mwanamke

Mwanangu,

Tangu uliponipigia jana usiku usingizi umenikataa. Umesema Jumamosi unapanda basi, na kabla hujafika kwangu utashuka Muleba kwa shangazi yako, umwonyeshe zile barua za baba yako mdogo na kumuuliza Juliana alikuwa nani. Usimuulize. Barua zibaki ndani ya begi, uje kwangu kwanza.

Juliana hakuwa mwanamke. Lilikuwa jina la nguo ya mtindo iliyoletwa na watu wa magendo kutoka upande wa Uganda, miaka ile baada ya vita ya Kagera, na sisi wasichana tuliililia kweli. Watu walipoanza kukonda, kuharisha na kufa, wakaonekana wengi ni wa biashara hiyo, ikasemwa wameugua Juliana. Mwaka 1983 madaktari walitambua wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi hapahapa mkoani kwetu, lakini jina hilo lilichelewa kufika vijijini. Kwa hiyo baba yako mdogo anapoandika mwaka 1986, "Shemeji naye Juliana ameshamshika," hasemi kwamba mume wa shangazi yako alitoroka na mtu. Hakuna watoto wa Juliana wa kuwatafuta, mwanangu. Na lile "silimu" alilolipigia mstari, marehemu hakubadili dini. Ndivyo ng'ambo ya mpaka walivyouita ugonjwa huohuo, kwa jinsi ulivyommaliza mtu mwili. Alizikwa na padri, nilikuwepo.

Sasa fikiria ungemsomea mjane wake hayo, tena mbele ya wajukuu.

Nimefurahi ulivyozipanga kwa tarehe na kuzipiga picha moja moja. Baba yako angejivunia, kwa kuwa katika nyinyi wote ni wewe tu unayejali karatasi. Lakini umekaa nazo tangu Pasaka, kila wiki tunaongea, unaniuliza bei ya kahawa na hukuniuliza neno hilo. Maneno mengine hayana neno. "Pauni tano" alizomtumia baba yako zilikuwa shilingi 100, maana pauni tuliita shilingi ishirini, basi usiwaambie watu alikuwa na hela za Uingereza. "Tunakula yanga" ni ugali wa mahindi ya njano ya msaada, kwa rangi ya jezi zao. Hayo msomee shangazi yako, atacheka. Lile la Juliana, hapana.

Barua hiyo niliifungua mimi kabla ya baba yako. Pale chini wino ulipotawanyika, ni mikono yangu ilikuwa na maji. Mwezi uliofuata shangazi yako alikuja na watoto, nami nikamtengea kikombe, kile cha bati chenye ua jekundu. Hakusema kitu. Alikiosha mwenyewe, akakifunika peke yake dirishani, na asubuhi yake akawabeba watoto akaondoka. Watu wote walikuwa wanaogopa wakati huo, hatukujua ugonjwa unapita wapi. Mpaka leo akija hapa hanywi chai, anasema ameshakunywa kwake. Kikombe kipo kabatini, usikitumie.

Mnyauko umeingia kwenye migomba ya jirani upande wa chini. Nimemwambia kijana asikate hata mkungu mmoja kabla hajapitisha panga motoni, ila akiachwa peke yake anasahau. Ukifika umsimamie. Senene mwaka huu ni wachache, nimekuwekea kopo moja, wadogo zako hawajui lilipo.

Ukikutana na shangazi yako kituoni, mwamkie vizuri, umpe sukari uliyomnunulia, umwambie utakuja kesho yake pamoja nami. Barua hizo zisitoke begini. Kama kuna wa kumtajia Juliana, nitamtajia mimi.

Niletee na misumari ya bati nusu kilo, mirefu. Ile ya mara ya mwisho ilikuwa mifupi, upepo umeng'oa bati la jikoni.

Mama yako