Kudhamini mwanafunzi si mdomo tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu alitoka hapa Chumbageni akaenda Marekani na viza ya matembezi, kufika huko akataka abadili awe mwanafunzi, basi simu zikawa haziishi, kaka nitafutie mdhamini. Mjomba akakubali fasta, kumbe hajui wanachotaka! Chuo hakikupi ile fomu ya I-20, ya kuthibitisha umepokelewa kusoma, mpaka kione hela ya ada na ya kula ya mwaka wa kwanza ipo kweli, barua ya kusema ntamlipia peke yake haitoshi, wanataka stetimenti ya benki, sasa mjomba biashara yake ya machungwa ya Muheza hela zote ziko mfukoni na kwenye simu, benki ana laki mbili. Wakatokea wajuaji eti tukope tujaze akaunti wiki moja, mi nikakataa, hela ya kuazima inajulikana tu. Na bado kuna dola 350 za SEVIS, yaani mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, kuna fomu ya I-539 ya kuomba kubadilishwa kutoka mtembezi kuwa mwanafunzi, na ada yake, na darasani haruhusiwi kukanyaga mpaka ombi likubaliwe. Jamani wenye ndugu huko, ulizeni chuo kwanza kabla ya kuahidi. Mjomba siku hizi hata simu hapokei.

Msomaji wenu, Chumbageni, Tanga