Barua kwa wazazi wa Kirumba: fungueni mageti

Wazazi wenzangu wa Kirumba, wakubwa wangu shikamooni, na ninyi niliowafundisha nawasalimu.

Tangu nistaafu ualimu, asubuhi nakaa barazani. Kabla hakujapambazuka vizuri, basi la shule linachukua watoto wa nyumba tatu. Baadaye wenzao wanapita kwa miguu, fagio na kidumu cha maji mkononi, wakienda shule ya mtaa. Juzi nilimuuliza mjukuu wangu jina la mtoto wa mama muuza dagaa, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Halijui. Wana umri mmoja. Sikulala vizuri.

Mimi ni Msukuma wa Magu. Mwaka 1975 nilipangiwa kidato cha kwanza Bukoba. Shule zilikuwa zimetaifishwa tangu 1969, na vijana wa sekondari walichanganywa mikoani kwa makusudi. Mama alinifungia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa. Novemba, senene walipovamia taa za bweni, kijana wa Kihaya wa kitanda cha juu alinifundisha kuwanyonyoa mbawa na miguu na kuwakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Nami nikampa michembe. Akasema ni kama kutafuna gome la mti, kisha akamaliza yote. Mama alipofariki mwaka 1998, rafiki huyo alivuka ziwa kuja kumzika, miaka miwili tu tangu meli ya MV Bukoba izame, watu bado wakiogopa maji.

Shule za kata zimefanya jema kubwa: binti hatembei tena mbali hivyo kufuata sekondari. Lakini mtoto sasa anasoma na wa kata yake tu. Basi hapa hapa Kirumba, penye Wakerewe, Wajita, Waha na Wakurya, ndipo pa kuchanganyikia. Tukiwatenga kwa mfuko wa baba, watakutana wapi?

Sisemi mtoto atolewe mchepuo wa Kiingereza. Ada ni jasho lako. Ila mkutano wa wazazi wa shule ya mtaa ukiitishwa, njoo hata kama mwanao hasomi pale, na mchango wa madawati utoe. Nanyi wengine, acheni kuwaita wenzao "watoto wa geti kali" mbele ya wanenu. Jina hilo linawafuata hadi ukubwani, nimeliona.

Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa uwanja wa shule na mpira mmoja na mjukuu wangu. Leteni wenu.

Mwalimu mstaafu, Kirumba, Mwanza