Taa za maegesho zisinunuliwe kabla ya mistari kuchorwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye majengo pamoja na wahandisi wa halmashauri zetu.

Mfumo wa vihisi vya maegesho, yaani vifaa vinavyotambua kama nafasi ina gari au iko wazi, ni kitu kizuri, na mimi kama fundi umeme natamani uenee Dar es Salaam yote. Dereva anaingia, ubao wa getini unamwambia ghorofa ipi ina nafasi, kisha taa ya kijani inampeleka mpaka pa kuegesha. Bila mfumo huo anazunguka na kuchoma mafuta, na foleni inarudi nyuma hadi mtaani. Kinachoniumiza ni namna tunavyoununua. Zabuni inataja idadi ya vihisi na bei, halafu basi.

Kihisi cha darini hutoa mlio usiosikika na sikio la binadamu, kisha husubiri mwangwi wake. Nafasi ikiwa tupu, mwangwi unatoka sakafuni. Gari likiwepo unatoka kwenye paa lake, unarudi mapema zaidi, na taa inageuka nyekundu. Sasa kioo cha mbele cha gari kimelala mshazari. Mlio ukigonga pale unaweza kutupwa pembeni usirudi kabisa, kwa hiyo kihisi lazima kiwe darini juu ya paa la gari. Lakini paa la gari dogo kama IST iliyosogezwa hadi ukutani haliko pale lilipo paa la gari kubwa kama Noah iliyoachwa nusu njiani. Pasipo mistari inayoonekana na vizuizi vya matairi, kila mtu anasimama anavyojua yeye, taa inabaki kijani juu ya gari, na dereva anayeifuata anakuta nafasi imeshachukuliwa. Akikutana na hali hiyo mara mbili, hataiangalia taa tena, hata siku inaposema kweli.

Rangi na vizuizi ni vya bei ndogo mno ukilinganisha na vihisi vyenyewe, na ndivyo vinavyopaswa kutangulia. Kabla ya hapo, mwenye jengo aweke watu wahesabu magari yanayoingia na kutoka kwa juma zima, saa kwa saa. Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha ubao ukae wapi, nao ukae pale dereva anapoamua kukata kona au kunyoosha, si baada ya kona. Fundi naye atembee na mchoro mkononi aone mihimili inayoziba taa. Mirija ya nyaya ipite kabla dari halijapakwa rangi.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kufukia koili za waya getini zihesabu magari tu. Kwa uwanja mdogo njia hiyo inafaa, ila kila gari lisilohesabiwa linaacha kosa, na makosa hayo yanajumlishana siku hadi siku mpaka mtu ahesabu upya kwa macho. Umeme ukikatika bila betri ya akiba, magari yanayotoka gizani hayahesabiwi kabisa.

Barabarani kazi ni ngumu zaidi. Jiji la San Francisco, Marekani, mwaka 2011 lilianza kutumia vihisi zaidi ya 8,000 vilivyowekwa kwenye lami katika mradi wa SFpark. Nyaya za mabasi ya umeme zilizopita juu zilivuruga baadhi ya vihisi, betri zikaisha nguvu, na mwishoni mwa 2013 vihisi vikazimwa. Hata hivyo jiji halikutoka mikono mitupu. Takwimu zilizokusanywa ziliwasaidia kupanga ada kwa kila mtaa, kupandisha palipojaa na kushusha palipo wazi, na baadaye wakaendelea kukadiria kwa kutumia malipo ya mita za maegesho peke yake. Sisi tuna mvua za masika na lami inayochimbwa kila mara bomba linapopasuka. Kabla ya kufukia kihisi hata kimoja Kariakoo, halmashauri ianze na kumbukumbu za ushuru wa maegesho unaolipwa sasa. Malipo yakionyesha mtaa fulani umejaa tangu saa mbili asubuhi, hilo ni jibu tayari.

Ombi langu ni kuhusu mkataba. Malipo ya mwisho yasitolewe siku ya kukata utepe. Mkandarasi apite na gari dogo, gari refu na pikapu katika kila nafasi, mbele ya mwenye jengo, na kila taa iandikwe kwenye daftari: imegeuka au haikugeuka. Jaribio hilo lirudiwe siku maegesho yamejaa kweli. Bei ya vihisi vya akiba, na ya fundi wa kupanda ngazi kuvibadilisha kwa miaka mitano, iandikwe humo humo ndani ya zabuni, mnunuzi aione kabla hajatia saini.

Fundi umeme,
Ilala, Dar es Salaam